Matundu Kumi na Moja kwenye Ukuta wa Audax

Jumatatu, 26 Machi 1979

Ukuta wa mdogo wangu Audax umetoka tumbo la inchi nne, kwa mujibu wa Shibuda, Balozi wetu wa nyumba kumi, aliyeupima leo saa mbili asubuhi kwa uzi na kokoto. Januari tumbo lilikuwa inchi mbili. Shibuda hana rula. Nilikwenda na rula ya ofisi kumhakiki. Ni inchi nne.

Niandike vipimo vyote. Urefu futi thelathini na moja, kimo futi tano. Mawe matupu, bila udongo, bila saruji. Juu ya ukuta kuna shamba la maharage la shemeji yangu Adelfina. Chini yake, hatua sita, kuna jiko lake. Tulipohamishiwa kijijini mwaka 1974, mstari wa nyumba ulichorwa na mtu ambaye mlima wenyewe hakuwahi kuuona. Ndiyo sababu Audax alihitaji ukuta. Alifundishwa na Shibuda, aliyezaliwa kisiwani huko ziwani, akaja Biharamulo na ng'ombe wake, kisha akapanda huku kwetu Ngara. Anasema kisiwani kwao ardhi ni kidogo na watu ni wengi, kwa hiyo kila shamba lina ukuta wa namna hii na kila mtoto anajua kuupanga. Hupitisha siku chache sana bila kusema hivyo.

Audax aliondoka Novemba na mgambo kwenda vitani. Asubuhi ile aliupiga ukuta kofi, kama mtu anayemuaga ng'ombe, akaniambia, "Kaka, huu nakuachia wewe." Nikamjibu asiwe na wasiwasi. Nimetafuta ukurasa wa siku hiyo kuona kama kweli nilijibu hivyo. Nilijibu.

Shauri la Shibuda: ukuta ubomolewe kuanzia juu hadi penye tumbo, upangwe upya kabla mvua hazijakolea. Watu wanne, siku nne. Sharti la kazi yao ni kwamba jiwe la kwanza linabebwa na mwenye ukuta mbele ya majirani. Mwenye ukuta hayupo, basi kaka yake. Nilimkumbusha kwamba mimi ni Katibu wa kijiji, na tangu Mwenyekiti aende vitani ni Kaimu Mwenyekiti pia. Akasema jiwe halitaniuliza cheo.

Nimemwambia nitalifikiria suala hilo.

Jumanne, 27 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nilikwenda na mwavuli kukagua. Hali ni mbaya kuliko alivyosema Balozi. Ukuta unavuja. Maji yanatoka katikati ya mawe sehemu kumi na moja, mengine yanachuruzika, mengine yanaruka kama bomba. Nilizitia namba kwa chaki. Chaki ilioshwa. Nilizichora kwenye karatasi.

Shibuda alipita na ng'ombe wake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akasimama kutazama maji yanavyotoka. Akasema vizuri sana. Sipendi kejeli kwa mtu mwenye mvi.

Yale maharage ndiyo chakula cha Adelfina na watoto wanne hadi mavuno yajayo. Ukuta ukienda, yanaenda. Hilo nalielewa kuliko anavyodhani Balozi.

Kuna jambo jingine. Barua kutoka wilayani inasema Bwana Shamba atafika Ijumaa, tarehe 6 Aprili, kuchagua shamba la mfano la hifadhi ya udongo. Akikuta ukuta unaovuja matundu kumi na moja kwenye mji wa ndugu yake Kaimu Mwenyekiti, neno Kaimu litabaki pale lilipo. Akikuta ukuta wa kisasa, huenda likaondoka.

Mke wangu, Febronia, amesema nimwandalie Shibuda pombe ya ndizi nibebe hilo jiwe, yaishe. Nilimweleza kwamba mambo ya uongozi yana upana wake. Akasema upana anauona, hasa nikikaa.

Jumatano, 28 Machi

Ufumbuzi umepatikana. Ghalani kuna mifuko sita ya saruji, inayosubiri sakafu ya zahanati. Imesubiri tangu Agosti. Mifuko ya chini imeanza kushika unyevu. Kuiacha igande ni kuihujumu nchi wakati wa vita.

Niliandika barua kwa Kaimu Mwenyekiti kuomba mifuko mitatu. Kaimu Mwenyekiti aliipokea saa nne. Aliitafakari. Saa nne na nusu alimjibu Katibu kwamba ombi limekubaliwa, ila mifuko irejeshwe mapema iwezekanavyo. Majalada yote mawili yako sawa.

Alhamisi, 29 Machi

Kazi imeanza. Ndoo, karai, mwiko wa kuazima. Fundi ni mimi. Nilimwona fundi akipiga lipu misheni mwaka 1961 na nilikuwa makini.

Adelfina alitoka jikoni akifuta mikono. Akaniambia, kwa heshima, kwamba Audax hakuweka hata konzi ya udongo katikati ya mawe yale, na aliwafukuza watoto walipojaribu. Nikamwambia Audax alifanya kwa uwezo wake. Kisha akauliza, "Na maji, shemeji?" Nikamhakikishia kwamba maji hasa ndiyo ninayoyashughulikia.

Shibuda aliketi juu ya jiwe ng'ambo ya njia akimenya kiazi. Hakuzuia wala hakusaidia. Alipomaliza kiazi aliuliza kama hilo tumbo nalo nitalipaka. Nikasema litasawazishwa. Akasema amewahi kumwona mwanamke akificha tumbo kwa kitenge, na mtoto alizaliwa siku ile ile iliyopangwa.

Adelfina alicheka. Nimeona si vema, mume wake akiwa vitani, lakini sikusema.

Matundu yaliyozibwa hadi jioni: sita.

Jumamosi, 31 Machi

Matundu yote kumi na moja yamezibwa. Lipu imefika futi kumi na tisa. Hapo saruji ikaisha. Futi kumi na mbili za upande wa mgomba zimebaki mawe matupu, lakini hazikuwa na tundu hata moja katika orodha yangu, kwa hiyo hazina haraka.

Kabla lipu haijakauka niliandika kwa msumari, herufi za inchi tatu: UHIFADHI WA UDONGO 1979. KAIMU MWENYEKITI. Nafasi ya jina langu ilikwisha. Wanaonifahamu wananifahamu.

Jumatatu, 2 Aprili

Mvua kubwa kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu. Nilisimama mbele ya ukuta muda wote. Haukutoka hata tone. Ulikuwa mkavu kama ukuta wa kanisa.

Nimemwandikia Audax kupitia anwani ya jeshi. Nimemweleza kwamba ukuta wake ulikuwa unavuja sehemu kumi na moja, kwamba nimeziba zote, na kwamba arudi akiwa na amani. Lori la misheni limeichukua barua saa sita mchana.

Saa nane Shibuda alikuja. Hakutazama ukuta. Alipanda juu shambani, akakanyaga kati ya mistari ya maharage, mguu ukazama hadi kifundoni. Akashuka. Akaniuliza maji ya leo yako wapi.

Nikamwambia yameacha kutoka.

"Hilo naliona, Katibu. Nauliza yamekwenda wapi."

Nikasema yamekwenda yanakokwenda maji. Akaenda jikoni kwa Adelfina akamshauri ahamishe vyungu, mbegu na watoto, apikie uani upande wa pili kwa siku chache. Adelfina akaanza kuhamisha pale pale. Mimi ni shemeji yake na ni kiongozi wa kijiji, na hakunitazama hata mara moja.

Jumanne, 3 Aprili

Nimeandika rasimu ya onyo kwa Balozi Shibuda kwa kueneza hofu miongoni mwa wananchi wakati nchi iko vitani. Aya mbili. Nitaipeleka keshokutwa, nikipata bahasha.

Mvua mchana kutwa. Ukuta mkavu.

Jumatano, 4 Aprili

Ukuta umeanguka saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Nilikuwa ofisini. Nilisikia kama lori linamwaga kokoto. Hakuna lori hapa siku za Jumatano.

Kilichoanguka ni futi kumi na tisa. Futi kumi na mbili za upande wa mgomba zimesimama. Nimepima mara mbili. Mpaka uko pale pale saruji ilipoishia.

Hasara: mistari sita ya maharage kati ya tisa imeteremka na tope. Ukuta wa nyuma wa jiko umelala ndani. Paa limekaa juu yake. Chungu kimoja kilichosahauliwa kimevunjika. Nusu debe ya mbegu, ambayo Adelfina alikuwa hajaihamisha, imechanganyika na udongo. Hakuna aliyeumia. Saa hiyo watoto wangekuwa wamezunguka mafiga, wakisubiri uji. Walikuwa uani upande wa pili. Sababu ya kuwa huko nimeiandika juzi.

Kipande kikubwa cha lipu kimeanguka chali mahali palipokuwa na mafiga. Maandishi yanasomeka vizuri. Majirani wote wameyasoma.

Adelfina alirudi kutoka kupalilia shamba la kijiji. Nilikuwa nimeandaa maneno. Hakulia wala hakupaza sauti. Aliokota maharage machache yaliyong'olewa, akayatikisa tope, akayatazama mizizi. Akasema, "Shemeji, ungeniambia unatafuta kazi, ningekupa jembe."

Rasimu ya onyo nimeichana.

Alhamisi, 5 Aprili

Febronia alichukua madebe mawili ya maharage yetu asubuhi akampelekea Adelfina. Hakuniuliza. Nilitaka yaandikwe kama msaada wa ofisi. Akasema nikiandika hivyo nitakula hiyo ofisi.

Bwana Shamba anafika kesho. Nimefikiria njia tatu. Kwanza, kufunika mahali pale kwa majani ya migomba. Hayatoshi. Pili, kusema ni handaki la kujikinga na ndege za adui. Lakini adui yuko mbali siku hizi, na handaki halina maharage ndani. Tatu, kumwonyesha kama mfano wa mmomonyoko, kwa ajili ya elimu. Hii ndiyo bora. Nimeandika kibao: MMOMONYOKO (MFANO).

Ijumaa, 6 Aprili

Bwana Shamba alifika saa tano kwa pikipiki, ametapakaa matope hadi kifuani. Alisoma kibao. Alisoma na lipu. Kisha aliuacha mmomonyoko akaenda moja kwa moja kwenye zile futi kumi na mbili zilizosimama. Alipitisha vidole katikati ya mawe. Vilitoka vimelowa. Akauliza nani alijenga.

Nikasema mdogo wangu, chini ya usimamizi wa ofisi. Sauti ya Shibuda ikasema nyuma yetu kwamba ofisi wakati huo ilikuwa inachelewa kuamka. Bwana Shamba akaandika majina mawili: Audax, Shibuda. Nilisoma kalamu yake kichwa chini ili kuhakikisha. Majina ni mawili.

Kisha akauliza saruji ilitoka wapi. Nikampa barua zote mbili, ya kuomba na ya kujibu. Akazisoma. Akalinganisha sahihi. Akauliza Katibu ni nani, nikasema mimi. Akauliza Kaimu Mwenyekiti. Alikuwa mtu mpole na alisubiri jibu kwa muda mrefu.

Mkutano wa kijiji kunijadili utafanyika Jumatatu, tarehe 23 Aprili, saa tatu asubuhi. Zahanati imebaki na mifuko mitatu. Sakafu inahitaji sita. Wajawazito watatu wa kijiji hiki wanatarajia kujifungua kabla ya Juni. Sikuwa nimeweka jambo hilo katika hesabu.

Jumamosi, 7 Aprili

Nimebeba jiwe la kwanza.

Walikuwepo majirani kama thelathini. Mchango wa majirani ulikuwa mkubwa, hasa wa maneno. Jiwe alilichagua Shibuda. Nilitembea nalo hatua nne nikaliweka chini nipumzike. Kelele ikatokea kama nimeangusha mtoto. Kumbe kwa wajenzi hawa jiwe likishanyanyuliwa haliwekwi chini hadi lipate mahali pake. Unasimama nalo, unatafuta. Mtu asiyejua anakotaka kuliweka asilinyanyue. Shibuda alinirudisha mwanzo. Mara ya pili nilifika. Majirani waliitikia kama bao limefungwa.

Saruji iliyoshikamana na mawe tuliibandua kwa patasi. Yaliyoshindikana yametupwa. Ni mawe arobaini na mawili. Mengi yalikuwa mazuri, kwa mujibu wa Shibuda.

Mchana, akinywa pombe ya Febronia, alinieleza. Mvua inaingia shambani, inashuka nyuma ya ukuta, na lazima itoke. Mawe yanayaacha maji yapite na kuuzuia udongo. Ukiyafungia maji, yanakaa nyuma na uzito wake wote. Yeye mvua ikinyesha huenda kutazama maji yanatoka wapi. Penye maji hapana shida. Penye ukavu ndipo anapoanza kubomoa. Jumanne ile aliposema vizuri sana, alikuwa anausifu ukuta.

Nimeelewa kabisa. Ningeelewa hata siku ile, kama ningeuliza. Sikuuliza.

Jumatatu, 9 Aprili

Ukuta una kimo cha futi mbili. Adelfina anapanga kuliko mimi. Hata watoto wanapanga kuliko mimi. Mimi nimepewa kujaza kokoto nyuma.

Saa saba, katika kifusi, niliokota jiwe lenye bonde laini katikati, limevunjika nusu. Ni jiwe la kusagia la marehemu mama. Nilikuwa nimelitafuta tangu tulipohama mwaka 1974. Nilimshuku hata jirani. Kumbe Audax alilijenga ndani ya ukuta, upande wa ndani usioonekana. Hakuniambia. Nadhani sikuwahi kumuuliza lolote kuhusu ukuta huu. Alipokuwa anaujenga, miezi miwili, nilipita pale kila siku kwenda ofisini, nikamwambia anapoteza muda.

Nililishika. Nilitazama tabaka lililokuwa wazi. Nililiweka. Lilikaa, halikutikisika. Shibuda alilisukuma kwa kiganja, akaenda kwenye jiwe lingine. Katika siku tatu, hilo ndilo jiwe langu pekee ambalo hakulitoa.

Jumatano, 11 Aprili

Radio Tanzania imetangaza kwamba Kampala imeanguka. Watu wametoka na ngoma, debe na sufuria. Adelfina alikuwa juu ya ukuta na jiwe mikononi. Alisikiliza hadi mwisho, akaliweka jiwe mahali pake, ndipo akashuka akapiga kigelegele. Jiwe hilo ndilo lilikuwa la mwisho. Ukuta umekamilika saa kumi jioni.

Saa kumi na moja lori la misheni lilileta barua ya Audax. Imeandikwa tarehe 19 Machi. Yuko mzima. Nainakili sehemu inayonihusu:

"Kaka, mvua zikianza nenda ukahesabu. Niliacha matundu kumi na moja ya kutolea maji. Yakiwa kumi na moja, usiguse kitu. Yakipungua, mwite Mzee Shibuda siku hiyo hiyo, usingoje kesho."

Barua yake na yangu zimepishana njiani, pengine hapo Biharamulo, ndani ya mifuko miwili kwenye veranda moja. Yangu itamfikia. Huko aliko, wenzake wakishangilia, atasoma kwamba nimeziba yote kumi na moja na kwamba arudi akiwa na amani. Ataisoma taratibu, kama anavyosoma kila kitu, na atajua kilichotokea kabla hajafika kwenye sahihi yangu. Niliuliza kama lori linaweza kuirudisha. Dereva alisema lori hubeba barua, halibebi majuto. Kisha akaomba radhi.

Adelfina anamwandikia leo. Nilimwomba aandike kwa upole. Akasema ataandika ukuta umesimama na watoto wote wapo, na mengine Audax ataniuliza mwenyewe uso kwa uso.

Alhamisi, 12 Aprili

Mvua nzuri kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Tulikwenda kuutazama ukuta: Shibuda, Adelfina, Febronia na mimi. Maji yalitoka safi, bila tope. Mistari mitatu ya maharage iliyobaki imesimama. Shibuda alitembea kutoka mwanzo hadi mwisho, akagonga mawe mawili matatu kwa mpini wa fimbo, akasema sasa anaweza kwenda Biharamulo kumsalimu binti yake. Anaondoka Jumatatu ya Pasaka. Atarudi baada ya wiki.

Walipoondoka nilibaki kuhesabu. Nilihesabu mara tatu, mara ya mwisho kwa kuchomeka vijiti.

Matundu ni kumi na nne.

Audax ameandika waziwazi: kumi na moja. Kuhusu kupungua ametoa maelekezo. Kuhusu kuzidi hakusema lolote. Nimemkosea ndugu yangu mara moja na sitaki arudi kutoka vitani akute hesabu nyingine isiyo sawa. Kuziba yote kumi na moja lilikuwa kosa kubwa, nakiri. Lakini haya ni matatu tu, tena ya ziada.

Hayahitaji hata nusu mfuko. Barua ya kuomba nimeiandika na Kaimu Mwenyekiti ataijibu kesho asubuhi, kabla ya ibada ya Ijumaa Kuu. Mkutano wa kunijadili ni tarehe 23, kwa hiyo mamlaka bado yapo. Mwiko wa kuazima sijaurudisha.

Kazi itafanyika Jumanne, tarehe 17 Aprili, saa moja asubuhi, Adelfina akiwa sokoni.